Tuendelee ama Turudi?

Watu wakiniuliza nilianzaje kampuni, hutarajia niwaeleze mambo ya chuo kikuu. Chuo nilienda, uhandisi wa kompyuta nilisomea, na alama zangu zilikuwa nzuri, sifichi. Lakini ujasiri niliutoa dukani kwa baba, mjini Sultan Hamud, alikokuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama mzazi wa baba. Kwa hiyo baba hakuniita mwanangu. Aliniita mwaitu, yaani mama, na nani atamgombeza mamake mbele ya wateja? Nilijua hilo mapema na nikalitumia vibaya. Siku moja nilifungua kikokotoo cha duka kwa kisu cha kupaka siagi. Baba akasimama mlangoni, akasema tu, "Mwaitu, utakifunga saa ngapi?" Nilikifunga. Kitufe cha saba hakikufanya kazi tena, na baba akakaa miaka akikwepa bei zenye saba.

Baadaye benki moja Nairobi ikaniajiri kwenye chumba cha mitambo, chenye baridi mpaka nikawa navaa sweta Januari. Nilikuwa hodari. Mtambo ukizima, mimi ndiye niliyeitwa. Ndipo wakanituma Tseikuru, huko juu kaskazini mwa Kitui, niweke mashine ya wakala wa benki katika duka la mfanyabiashara wa mifugo. Ukoo wake ulitoka kaskazini mashariki, naye alikuwa amehiji, basi kila mtu alimwita Haji.

Nilikuwa bado naunganisha nyaya wanyama wake waliporudi. Walikuwa wametembezwa mpaka kisima cha mbali, wakakuta pampu imekufa, wakageuzwa na kiu yao. Wengine hawakurudi. Ng'ombe mmoja akalala mbele ya duka na hakuinuka tena. Haji akanigeukia. "Wewe fundi wa kompyuta. Hiyo kompyuta yako haiwezi kuniambia pampu imekufa kabla sijatoa wanyama nyumbani?"

Swali hilo nilirudi nalo Nairobi likanikosesha raha. Nikampelekea mkubwa wangu. Akacheka, akasema wafugaji hawanunui teknolojia. Kwani nilimuuliza kama wananunua? Wiki hiyohiyo niliandika barua ya kuacha kazi, na mama yangu mzazi akaniombea kanisani kama mgonjwa.

Nilikodi chumba mjini Wote, nyuma ya ghala la mahindi. Nililehemu vumbi likiniingia puani. Nikatengeneza kisanduku kinachofungwa kwenye pampu ya kisima. Mfugaji anapiga namba kwa simu yoyote, hata kabambe, ile simu ndogo ya tochi, na sauti inamjibu kwa Kikamba, Kisomali ama Kiswahili: maji yapo, au maji hakuna. Basi. Leo visanduku vyetu viko Kitui na Makueni yote, nina wafanyakazi, nina bodi ya wakurugenzi, nina wakili anayevaa tai kwenye lile joto la Wote. Bodi ilitaka tuhamie Nairobi. Nikawaambia waende, wanisalimie huko.

Aliyekataa kuniamini ni mmoja tu, na ni yuleyule Haji. Alikuwa anapiga simu, anaambiwa maji yapo, halafu anatuma kijana wa boda aende akaone kwa macho. Miaka na miaka! Mwenye swali lenyewe! Ilinichoma, sidanganyi. Kila nikienda Tseikuru nilimwambia, na yeye ananimiminia chai ya maziwa, anasema, "Mashine yako ni nzuri sana, Injinia." Kisha boda inaondoka.

Halafu kukaja kiangazi kile kibaya. Visima vya karibu vikakauka, kikabaki kimoja cha mbali, na njia ya kwenda huko ni mchanga mtupu, boda haipiti. Haji hakuwa na la kufanya. Akapiga namba, akaambiwa maji yapo, akatoa mbuzi, ng'ombe na ngamia, mali yake yote, wakaanza safari.

Walipofika katikati, kisanduku kikanyamaza.

Nilikuwa ofisini simu ilipolia. Haji mwenyewe, amepanda kilima kutafuta mtandao. "Injinia, mashine haisemi kitu. Tuendelee ama turudi? Wakirudi sasa watafika. Wakiendelea wakose maji, hakuna atakayerudi."

Wakili alikuwa amesimama kando yangu. Akatikisa kichwa. Utaratibu wetu, na niliutia sahihi mimi, ni kwamba tusipokuwa na taarifa tunasema hatuna taarifa. "Wanyama wakifa tutashtakiwa," akaninong'oneza.

Nikamwambia Haji asikate. Nikatazama kompyuta. Visanduku vya visima vingine vya upande ule vilikuwa vimenyamaza pia, vyote dakika ileile. Visima haviwezi kufa pamoja. Kilichokufa ni busta, ule mnara wa simu unaovihudumia. Na kisanduku changu, nilikilehemu mwenyewe, pampu ikisimama tu, neno lake la kwanza ni kupiga kelele. Hakikupiga. Mpaka kinanyamaza, pampu ilikuwa inavuta maji vizuri. Baada ya hapo sikuwa na habari yoyote, ila kazi ya mikono yangu.

"Endelea, Haji," nikasema. "Maji yapo."

Wakili akaketi chini. Mimi nikampa dereva ufunguo wa gari letu linalovuta magurudumu yote manne, tukaelekea Kitui, Mwingi, Tseikuru, halafu ule mchanga, dereva akisali kwa sauti.

Nilifika kisimani kesho yake kabla ya mifugo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni njiwa, wengi, wamejipanga kwenye ukingo wa birika la kunyweshea mifugo. Nikatia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Maji! Wee, nilipiga kelele njiwa wote wakaruka.

Haji alifika alasiri, midomo imepasuka. Wanyama walipoona maji walikimbia, hakuna aliyeweza kuwashika. Hakupungua hata mmoja. Nikamwendea nimejaa sifa zangu zote. "Umeona sasa? Umeona mashine?"

"Mashine ilinyamaza," akasema, akijinawia uso. "Mimi nilikuuliza wewe."

Nikachemka. Miaka yote najenga kitu ili mtu asihitaji kuniuliza, halafu ananishukuru mimi! Nikamfokea palepale mbele ya ngamia, nikamweleza busta, nikamweleza pampu, nikamchorea mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ilinyamaza kwa sababu hakukuwa na ubaya," akasema, na akarudi kwa wanyama wake.

Kiangazi kilichofuata, asubuhi moja tulikuwa na mkutano wa bodi. Kabla sijaingia niliona kwenye kompyuta kwamba namba ya Haji imepiga alfajiri, imeuliza kile kisima cha mbali, imejibiwa maji yapo. Muda si muda, busta ya kule ikazimika tena. Niliingia mkutanoni na simu mapajani. Wanasoma ripoti, mimi naitazama simu. Nilijua wako njiani. Nilijua saa ambayo wangefika kile kilima chenye mtandao. Saa hiyo ikafika, ikapita, jua likawa la utosi, simu iko kimya.

Mwenyekiti akauliza kwani kuna habari mbaya. Nikamjibu hapana, ni Haji: mashine imenyamaza, naye hajanipigia kuniuliza. Nikalia hapo mbele yao, mkurugenzi mkuu mzima, na sikuona haya hata kidogo.