Bega la Diane Kwenye Skrini Kubwa

Nitawasimulia, ila mkicheka chekeni polepole, maana aibu hii bado ni mbichi. Mimi ni fundi cherehani hapa Kicukiro, kamera si fani yangu kabisa, na siku ile mdogo wangu Diane alipokuja kuposwa rasmi nilidhani kazi yangu imekwisha, kwa sababu mushanana wake, lile vazi jeupe la kutupia begani, nilikuwa nimelishona mwenyewe.

Sherehe ilifanyika kwa baba mdogo, Ndera. Ndani ya turubai waliweka skrini kubwa ili wageni wa nyuma waone, na picha zilezile zilikuwa zinakwenda moja kwa moja hadi Bukoba, kwenye simu ya bibi yetu aliyetulea (alivunjika nyonga, hawezi kusafiri). Mpiga video, Kalisa, akanishika mkono.

"Dada, nisimamie kamera kidogo, nachukua betri kwenye gari. Usiguse kitu, rwose, kabisa."

Nikagusa. Diane alitokea kabla Kalisa hajarudi, anatembea taratibu kwenye nyasi na ukungu bado umelala nyuma yake, akaonekana mdogo na wa mbali, nami nikabonyeza kitufe cha kuvuta picha, kidogo tu, aje karibu. Akaja! Nikabonyeza tena. Uso ukapita, shingo ikapita, nikatua begani, kwenye mishono yangu. Jamani, sijui niwaeleze vipi, ilikuwa kama kuelea, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mawimbi madogo madogo, nikaufuata uzi huo nikasahau niko wapi, kelele za watu zikawa mbali kama mvua ya mtaa wa pili. Picha ilikuwa inatikisika (ukivuta sana, hata pumzi yako inaitikisa), mimi nikaona inapendeza, kama maji.

Upepo ukapindua pindo la begani. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kimebanwa na pini. Ni nini hicho? Nikavuta tena ili nisome, nikatafuta mahali kisipotikisika, nikapapata. Ulikuwa mwandiko wangu, maelezo ya vipimo niliyosahau kuyatoa: "Kiuno ongeza. Diane ananenepa."

"Mama we!" nikapiga kelele.

Turubai zima lilikuwa limeshasoma kabla yangu. Kicheko kililipuka, shangazi wa bwana harusi akajifunika uso kwa kanga, msemaji wa familia yao akasema kwenye maiki, "Sisi tumempenda hivyohivyo, aongezeke!" Diane akageuka akatazama skrini, na palepale, huku mimi nahangaika kutafuta kitufe cha kurudisha picha nyuma, akamkumbatia mchumba wake. Kumbatio hilo kamera haikuliona. Iliona pini.

Kalisa alirudi mbio, akanipokonya kamera, akakuta katika kuhangaika kwangu nimeshakata picha za kwenda Bukoba, na hazikurudi tena.

Jioni Bibi akapiga simu. Nilitegemea acheke. Akasema kwa sauti ya chini, "Kitambaa nimekiona, mwanangu, umeshona vizuri. Ila nilikaa na simu tangu asubuhi. Uso wa mjukuu wangu sikuuona."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamwendea Diane, nikapiga goti, nikamwomba avae tena.

"Dada, wewe!" akasema, mdomo umevimba kwa hasira. Kisha akauliza, "Ni kwa ajili ya Bibi?" Akavaa, mchumba wake akaja, wakasimama uani, wakakumbatiana upya. Safari hii nilishika simu kwa mikono miwili, viwiko nimevibana kifuani, na nilipotaka uso uwe mkubwa nilitembea kwa miguu yangu mpaka nikasikia anavyopumua. Nikatuma Bukoba.

Kamera ya mtu sishiki tena hadi nife. Na ninapompiga picha mtu ninayempenda, kitufe kile nakiacha, namsogelea.