Daktari wa Mzee Kondiba

Ujwala Ghuge hakuutaka udaktari wa mitishamba. Alitaka ule mwingine, wa hospitali kubwa na chumba cha upasuaji, na mtihani wa taifa wa kuuingilia aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza alama hazikutosha. Mara ya pili zikashuka zaidi. Siku matokeo yalipotoka alijifungia chumbani akasusa kula. Baba yake, Kondiba, kondakta wa basi la serikali kati ya Basmat na Nanded, akavuta kiti akaketi nje ya mlango.

"Nafasi ya Ayurveda ipo," akasema kwa sauti ya kuitia abiria, maana hakuwa na sauti nyingine. "Nimeuliza. Huko nako wanatoka madaktari."

"Madaktari wa majani, Baba."

"Majani hayohayo yamemfikisha babu yako uzeeni na meno yake yote kinywani. Fungua mlango, mama. Mkate wa mtama unapoa."

Akafungua. Alikuwa na njaa, na baba yake hakuwa mtu wa kushindwa na mlango.

Chuo kilikuwa mbali, nje ya mji mwingine, na hospitali yake ilikuwa na vitanda vingi vilivyotandikwa vizuri, wagonjwa hakuna. Mwaka wa kwanza Ujwala alikariri beti za Kisanskriti kama kasuku, hazimwingii wala hazimtoki. Kisha akaingia darasa la mzee Lele, mwalimu wa mapigo ya mshipa, na hapo mambo yakabadilika. Lele aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mtu, akafumba macho, akanyamaza hadi wanafunzi wakaanza kukohoa.

"Hiki kinasikiliza upepo wa mwili," alisema, "hiki nyongo, hiki kohozi. Kidole chenye papara kinasikia damu tu. Kilichotulia kinamsikia mtu."

Ujwala akajaribu kwa wenzake, kwa wapishi wa bweni, kwa mama yake likizoni. Kidogokidogo vidole vikaanza kumwambia kitu. Alijishangaa kuona kwamba ameipenda kazi aliyoletewa kwa kushindwa, kama mke anayekuja kumpenda mume aliyechaguliwa na wazazi.

Kisha wakaja wakaguzi wa serikali. Asubuhi ile matrekta yalileta watu kutoka vijijini, wakalazwa kila kitanda, na wanafunzi wakaambiwa wawaandikie magonjwa. Ujwala alipewa wodi ya wanawake.

"Mwanangu," bibi mmoja akamuuliza, ameshajifunika shuka hadi kidevuni, "leo naumwa nini?"

"Viungo, bibi."

"Alaa! Mwaka jana niliumwa ini. Viungo nafuu, kwenye ini walininyima pilipili!"

Wodi nzima ikaangua kicheko, na Ujwala akacheka pia. Baadaye alimkuta Lele ngazini peke yake, anaufuta ukuta kwa kiganja kana kwamba una doa.

"Mwalimu, hili nalo ni somo?"

"Andika, binti," alisema bila kumtazama. "Wakifunga chuo, nyote mtakuwa mmesomea hewa."

Akaandika.

Alipohitimu, Kondiba aliagiza kibao chenye herufi kubwa kuliko za duka lolote sokoni: DAKTARI UJWALA K. GHUGE. Kibao kikalala sebuleni muda mrefu, kwani kwanza kulikuwa na nafasi za kazi serikalini za kuomba. Kwenye usaili Ujwala alikuta ukumbi umejaa, ngazi zimejaa, uwanja umejaa, na wote wana cheti kama chake. Jina lake halikutoka. Akapata kazi kwenye hospitali binafsi mjini, ambako walimwajiri kwa sababu mshahara wake ulikuwa mdogo. Aliandika vidonge ambavyo hakuna aliyemfundisha, chini ya saini ya daktari ambaye hakujua hata jina lake. "Wewe wa majani," alimwita, "nenda kamwangalie yule wa homa." Wachumba walikuja, wakanywa chai, wakauliza, "Daktari gani?" wakaaga, wasirudi tena.

Akarudi kwao Basmat, akafungua kliniki ndogo, kibao kikapanda ukutani.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na Maroti, ambaye hakuwa daktari hata kidogo. Alikuwa amefagia hospitali miaka kadhaa akatoka na ujuzi wa kuchoma sindano. Kwake foleni ilifika barabarani.

"Nichome moja nirudi shambani," mkulima alimwambia Ujwala.

"Maumivu haya hayataki sindano, kaka. Acha vitu vichachu, unga huu unywe na maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Majuma matatu tu."

"Majuma matatu! Manjano niliyovuna yako shambani kwenye masufuria, yanachemshwa sasa hivi! Mlinzi wa manjano utakuwa wewe?" Akavuka barabara.

Kondiba, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, hakuvumilia. Kila asubuhi alivaa shati safi, akaja kuketi kwenye benchi la nje la kliniki ya bintiye ili wapita njia waone kuna mgonjwa. Na kwa kuwa alikuwa na lile koo lake, mtaa mzima ulisikia.

"Daktari! Tumbo linaniwaka, tangu juzi silali!"

"Umekula pilipili za nani, mzee?" Ujwala alimjibu kutoka ndani, huku akijizuia kucheka.

"Nyie mnaopita, huyu ni daktari kweli! Mwezi jana alinitoa gesi ya miaka kumi!"

"Baba, punguza sauti, utawafukuza hata wachache waliopo."

Wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo wao. Leo tumbo, kesho tumbo, chakula hakishuki, kifua kinachoma. Miezi ikapita. Mama akasema jikoni, "Baba yako anaacha mkate nusu," na Ujwala akajibu kwamba mzee amezoea kula kwa wenzake sokoni. Mpaka siku moja Kondiba aliposimama kutoka kwenye benchi suruali ikateleza, akaishika kwa mkono mmoja, akacheka. Ujwala hakucheka.

"Lete mkono, Baba."

"Foleni, Daktari. Mimi ni mtu wa foleni."

"Lete mkono."

Akaweka vidole vitatu. Alisikia kitu kimepinda, chembamba, kinachokimbia, na moyo wake ukamwambia ni kibaya. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyeviamini vidole vile, na hata yeye alikuwa ameacha kuviamini. Akampa unga. Wiki mbili zikapita, mzee akizidi kukonda, ndipo alipompakia kwenye basi kwenda Nanded, basi lilelile mzee alilolifanyia kazi, na kondakta mpya, kwa heshima, akakataa kupokea nauli yake.

Daktari wa hospitali ile alikuwa kijana wa rika lake. Akatazama picha za tumbo muda mrefu.

"Kansa. Imeshatambaa hadi kwenye ini. Wewe ni nani wake?"

"Binti yake. Na mimi ni daktari."

"Wa nini?"

"Ayurveda."

"Aa." Akaweka kalamu chini. "Na mzee amekuwa akilalamika tangu lini?"

Ujwala angejibu nini? Kwamba alilalamika kila siku, kwa sauti ya kusikika sokoni, na yeye akadhani ni mchezo?

"Muda sasa," akasema.

Kondiba alirudishwa nyumbani. Vidonge vya hospitali alivitema, akataka unga wa bintiye, na Ujwala akaukoroga kwa asali akijua kabisa kwamba haufanyi lolote. "Hii ndiyo dawa," mzee alisema, sauti imebaki ya kunong'ona. Alikufa mvua zikielekea kwisha. Hadi mwisho hakumlaumu, na hilo ndilo Ujwala alilolibeba kama mawe.

Baada ya matanga alifungua tena kliniki, akanunua sindano. Hakuna aliyemshawishi. Mkulima wa kwanza aliomba, akachomwa, maumivu yakatulia kwa siku mbili, akaleta wenzake. Sasa benchi linajaa.

Mwaka jana jirani yake Sindhu alikuja na mume wake na binti yao Pranoti, na boksi la peremende.

"Amepata Ayurveda," Sindhu alisema. "Tumekuja utubariki, na utushauri."

"Dada Sindhu, msimpeleke. Asome uuguzi, asome ualimu, chochote. Huko hakuna kitu."

Sindhu akageuka kutazama nje, akawahesabu wagonjwa kwa macho. "Hakuna kitu? Na hawa wote?"

"Hawa nawachoma sindano. Hilo silo nililosomea."

"Basi naye atachoma." Kisha, kwa sauti ya chini kwa mumewe lakini si ya chini vya kutosha, "Anaogopa kupata mshindani mjini."

Ujwala akamgeukia msichana. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Pranoti alitazama miguu yake. "Mama amesema ni udaktari, dada."

Ujwala akaingia chumba cha nyuma akamtolea msichana vitabu vyake vyote vya chuo, na mume wa Sindhu akavifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki. Walipoondoka mwanamke aliyefuata kwenye foleni alikuwa ameshaingia, ameshakunja mkono wa blauzi.

"Kama ya juzi, Daktari," akasema. "Ile kali."