Kitana cha Kazija

Asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja kama kawaida, Kazija alikuwa barazani akichambua karafuu za jana kwa mkono. Anapiga shada kiganjani, karafuu huku, vijiti vyake, makonyo, kule. Mumewe, Haroub, alikunywa chai na kutazama pembeni. Wingwi nzima ilijua kuwa mwanamke huyu ndiye aliyebuni kitana: ubao wenye meno ya misumari, unapitisha shada mara moja, kazi imekwisha.

Jirani yao aitwaye Mgeni akapiga hodi.

"Bi Kazija, nchongee kitana basi. Vidole vimenichubuka."

"Muulize mwenye nacho," alisema Kazija, akimwonesha Haroub kwa kidevu.

Mgeni akacheka. "Huyu? Huyu akipiga msumari, anapiga dole lake!"

Haroub hakucheka.

Mwaka juzi walikuja watu wa kusajili uvumbuzi. Kazija yuko jikoni, anawapikia chai. Wakauliza nani kabuni. Haroub akasema, "Mie." Aliona haya nyumba yake kujulikana kwa jina la mke. Hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, ikatoka kwa jina lake. Kisha akaja Zubeir, mfanyabiashara wa Madungu, na karatasi ya leseni. Haroub hajui kusoma. Alidhani ni kama kukodisha mikarafuu: mwenzio anachuma msimu mmoja, miti inarudi kwako. Akatia dole gumba.

Binti yao Khairat ndiye aliyekuja kuisoma karatasi ile.

"Baba, hapa hapana msimu. Mpaka hataza iishe muda wake, mwenye ruhusa ya kutengeneza ni Zubeir peke yake. Hata mama akimchongea jirani, ana makosa."

Kazija hakugomba. Alikitia kitana chake uvunguni, akarudi kuchambua kwa mkono. Angegomba, ingekuwa nafuu.

Basi asubuhi ile, Mgeni hajafika kwake, mvua ikashuka. Wakakimbilia majamvi yaliyoanikwa uani, nusu ya karafuu zikarowa. Haroub alitaka kumwomba radhi. Mdomoni likatoka neno jingine:

"Si ulisema una ujanja wa kuanikia, mvua isizipate? Utengeneze basi."

Alfajiri ya pili yake Kazija hakuamka; alifia usingizini. Watu wa Wingwi bado wanakimbizana na mvua, na Haroub akiwaona huinamisha kichwa. Jibu alikuwa amepewa asubuhi ile ya mvua, pale pale jamvini, mkewe akikamua kanga, hata hakumtazama:

"Upo, baba Khairat. Umo kichwani. Humu hamtiwi dole."