Sahani ya Bibi na Biskuti za Tangawizi

"Sio biskuti tu, Mama. Na usiniambie tena nikwaruze juu, ninyunyizie sukari, eti nani atajua. Midomo ya bibi jirani itajua! Yangu mpaka sasa inawasha, na nilimega kipande kidogo tu."

Mama alikuwa anachambua mchele, hata kichwa hakuinua. "Wadogo zako wamekula, mbona hawajafa?"

"Wamekula wakatema!"

"Punguza sauti. Mjomba'ko amelala."

Amelala, ndiyo. Aliyeharibu amelala, na mimi niliyeharibiwa ndiye naambiwa ninyamaze. Ndiyo maana naandika, maana nisipoandika nitapasuka.

Leo ni mkesha wa Krismasi, na hapa kwetu Newala kila nyumba inanukia kitu. Yetu inanuka moshi. Tangu jana natwanga tangawizi mpaka machozi. Sukari nimeiunguza kwenye sufuria mpaka ikawa rangi ya chai ya rangi, nikatia karafuu, mdalasini na korosho za kusaga. Biskuti hizi nilijifunza Masasi nilipokuwa bweni, kwa mama wa mwenzangu. Oveni hatuna. Naweka mchanga kwenye sufuria kubwa, sinia la biskuti linakaa juu ya mchanga, nafunika kwa bati, halafu makaa juu ya bati. Moto mdogo chini, mkubwa juu, na subira. Mimi subira sina, kila mtu anajua, lakini kwa biskuti hizi nilikuwa nayo.

Kwa sababu zilikuwa za bibi jirani. Ni Mwislamu, aliletwa hapa na ndoa kutoka Masasi zamani, na mumewe ameshafariki. Kila Idi anatuletea vileja kwenye sahani yake ya maua ya bluu. Na sahani ya mtu hairudi tupu, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Kama huna kitu, weka hata ndizi moja. Pasaka iliyopita Mama alisema tuna shughuli nyingi, nikatumwa kuirudisha hivyohivyo. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaichungulia, akacheka. "Hee, mjukuu wangu! Kwaresima si imeisha? Mbona sahani bado imefunga?"

Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nililia jikoni.

Idi Kubwa ikaja, sahani ikaja tena imejaa, bila neno. Na kiangazi chote, bomba likikohoa hewa, tunachota kwenye kisima chake cha maji ya mvua. Hajawahi kusema ndoo zetu zimezidi. Sasa huyu ndiye wa kupelekewa biskuti za moshi?

Nilitoka mara moja tu, nikachukue maji hapo kwake. Mjomba alikuwa amefika jana kutoka Tandahimba, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko langu. Narudi na ndoo kichwani naona moshi mweusi, mzito. Harufu yake niliijua kabla sijafika uani.

"Mjomba, umeweka nini?"

"Maganda ya korosho. Mkaa wako ulikuwa unasinzia."

"Mjomba! Kwenye chakula?"

"Si umefunika? Moto wa maganda hauna mpinzani, mwanangu. Utanishukuru."

"Moshi unapenya pembeni ya bati!"

"Haya, injinia wa biskuti," akasema, akacheka peke yake.

Mtu aliyezaliwa kwenye mikorosho! Sisi tukibangua korosho tunakaanga mbali kabisa na nyumba, tunakwepa upepo, maana mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake unakaba koo. Yeye mwenyewe ana alama mkononi. Akachukua biskuti moja, akaitafuna. Nikamwona anazunguka nyuma ya choo, anatema. Akarudi anajifuta mdomo. "Zinafaa," akasema. Halafu akaenda kulala.

Na hakuna wa kumwambia kitu. Kwetu mjomba ni mjomba. Siku ya posa yangu yeye ndiye atakayekaa mbele, neno lake linapita la baba. Kwa hiyo kosa likahamia kwangu: kwa nini niliacha moto, kwa nini sikuwahi kurudi, kwa nini najifanya mzungu na mabiskuti yangu.

"Basi mpelekee pilau," Mama akasema mwishoni.

"Kuku kamchinja nani?"

Mama akazidi kuinamia ungo. Kamchinja mjomba, jana hiyohiyo, bila kuuliza mtu. Miaka yote tunamwita kijana wa Kiislamu atuchinjie, ili jirani yeyote akija ale.

"Bibi atakula kuku huyo, Mama?"

"Atakula wali."

"Wali uliopikwa na kuku wake ndani!"

"Sasa unataka nimfanye nini kaka yangu, nimpige?" Akasukuma ungo. Nikajua na yeye ana hasira, ila yeye amezoea kuimeza. Mimi sitaki kuzoea.

Biskuti zote nimezifukia kwenye shimo la taka, wasije wakazipeleka nikiwa sipo. Donge la unga limebaki karibu nusu, nimelifunga kwenye mfuko na kulificha chini ya kapu la viazi. Sahani nimeiosha, nimeifuta, iko kitandani kwangu.

Kesho asubuhi kabla ya kanisa nitamwamkia mjomba, shikamoo yake ataipata kamili. Akishaitikia marahaba, nitamwambia mbele ya Mama kwamba maganda yake yameharibu zawadi ya bibi, na jikoni kwangu yasiingie tena. Akikasirika, akasirike. Halafu nitabeba donge, mkaa wangu na sahani, niende kwa bibi nimweleze yote bila kuficha, nimwombe jiko lake. Tutaoka hapohapo, yeye anaona. Sahani itajaa mbele ya macho yake.