Mkono Ulioungua kwa Halwa

Niliondoka Mbaraki asubuhi, begi mgongoni, bila kujua naelekea wapi. Kanisa lilikuwa limenipa chumba huko, nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, nikae mpaka mkono upone. Mkono ulipona, lakini wageni hawakukoma. Kila jioni akina mama wa ushirika walikuja kuniimbia, kisha wakaniambia Mungu ana makusudi yake, nisamehe, nisahau, niyafunike yaliyopita. Nikaitikia amina. Wakishatoka, namwomba Mungu huyo huyo amkaushe mikono yule aliyenichoma.

Nilikuwa nikifanya kazi kwa mpika halwa, Mji wa Kale. Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nikiona mlango wazi naingia kuuliza, hiki chafanywaje? Halwa ilininasa kwa sababu haina mapumziko. Wanga, sukari na samli vikianza kushikana ndani ya sufuria ya shaba, mwiko hausimami. Ukisimama, chini kunashika, juu kunafoka. Kwa hiyo wapishi wana desturi yao: aliyechoka husema "pokea," wala haachii mpaka mwenzake aushike mwiko kwa mikono miwili na kujibu "nimepokea."

Siku moja simu ya mwenzangu wa zamu ililia. Mimi nilikuwa nimeinama nasukuma kuni. Akauachia mwiko bila neno. Halwa ilifoka ikaniangukia mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi vidole, na halwa haipanguswi. Yaganda huku yaunguza. Tajiri wetu alipokuja mbio, yule akamwambia, "Alijibu amepokea, kisha akaachia mwiko." Akaaminiwa. Marehemu babake alipika halwa pale pale maisha yake yote. Mimi nilikuwa mtu wa bara aliyeokotwa juzi. Nikafukuzwa mkono ukiwa bado wafungwa kitambaa.

Basi asubuhi hiyo ya kuondoka nikapita Liwatoni, kwenye gati la wavuvi. Palikuwa na mtu akimpasua jodari, nikasimama kutazama, nikajikuta nakichunguza kisu kuliko samaki. Nikaogopa, nikaenda zangu. Kumbe miguu ilikuwa na nia yake, kwa sababu ilinileta Mji wa Kale wakati wa adhana ya Ijumaa. Maduka yalikuwa yakifungwa. Mlango wa wapika halwa ulikuwa wazi, na ndani alikuwamo yule mwenzangu wa zamu peke yake, anakoroga.

"Hodi."

"Karibu." Akageuza shingo. "Ah. Wewe."

"Mimi. Endelea, usisimame, itashika."

"Wenzangu wako msikitini. Leo zamu yangu kubaki."

"Naona. Jasho lakuingia machoni. Si ulifute?"

"Wanicheka."

"Sana."

Nikaketi juu ya gunia la sukari. Nafasi niliyoiomba kila jioni ndiyo hiyo. Akiachia, halwa ya watu itaharibika. Asipoachia, itambidi anisikilize. Nikamweleza malengelenge, usingizi uliokataa, na kazi nilizonyimwa kwa ajili ya vidole visivyokunjika. Sikuharakisha. Yeye akakoroga tu. Mabega yakaanza kumtetemeka.

"Bwana we, mikono yaniisha. Pokea."

"Sikusikia."

"Pokea!"

"Sema tena."

"Kwa Mungu, pokea!"

Nilisimama ili nikatae vizuri. Tangu niungue nilikuwa navaa shati la mikono mirefu, sasa nikaikunja makusudi, nataka auone mkono ndipo nimgeuzie mgongo. Nikiwa nakunja, likanijia jambo ambalo akina mama wa ushirika hawakuniambia. Bwana Yesu alipofufuka hakuvifunika vidonda vyake. Alikwenda navyo kwa wale wale waliomkimbia, akawaonyesha mikono. Nikasema moyoni, vema, na mimi naonyesha. Lakini habari ile haikuishia hapo. Aliwaonyesha, akawapa amani, kisha akala nao. Nusu ya kwanza niliipenda. Hiyo ya pili ilinishika shati.

Nikaushika mwiko kwa mikono miwili. "Nimepokea," nikasema, kwa hasira.

Ngozi ya kovu ilivutika, ikauma. Yeye aliegemea ukuta, akautazama mkono wangu mpaka wenzake waliporudi kutoka msikitini.

"Wakaa wapi siku hizi?" akaniuliza tulipotoka nje.

"Sikai."

"Mamangu ana chumba ghorofani."

Kumsaidia adui kuna utamu wake: unakuwa juu yake. Kusaidiwa naye hakuna utamu wowote. Lakini nilitaka kuiona nyumba yake, na sitasema nia ilikuwa njema yote. Nikamfuata hadi kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Macho yake yakaanguka kwenye mkono. "Ya Rabi! Mkono huu umefanya nini?"

Mwanawe alitazama sakafu. Niliusogeza mkono mama auone vizuri, na utamu ukaniingia.

"Muulize mwanao, mama."

Nilidhani atadanganya tena. Lakini akasema, "Niliachia mwiko, mama. Sikumwambia pokea. Kisha nikasema ni yeye."

Mama huyo aliishi na mpika halwa umri wake wote. Hakuhitaji kuelezwa. Aliketi kwenye ngazi kama aliyepigwa.

"Na tajiri wenu ajua?"

"La."

"Ukishaswali alasiri wenda kumwambia. Wanisikia?"

"Nasikia, mama."

Akanigeukia. "Wewe Mkristo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwombee huyu. Mimi sasa hivi siwezi, nimekasirika."

"Hata mimi siwezi, mama."

Kicheko kilimtoka bila yeye kutaka. "Haya, tutangoja sote."

Akanipandisha mwenyewe hadi chumbani: kitanda cha kamba, ndoo, mkeka uliokunjwa, dirisha la mbao linaloangalia uwazi wa katikati ya nyumba. Aliponiacha nilikaa kitandani. Hasira ilikuwepo bado, nzima, ila kwa mara ya kwanza tangu niungue sikuwa peke yangu nayo. Kulikuwa na mtu mwingine aliyeujua ukweli na akakasirika kwa ajili yangu. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, kwa maneno machache. Huko chini mama alianza kumsema mwanawe, sauti inapanda, inashuka, inapanda tena. Bwana anisamehe, nilifungua dirisha nisikie vizuri.