Sindano ya Homa ya Ubongo

Nilipochaguliwa kwenda Asia kwa mafunzo ya kilimo cha mpunga, niliambiwa nichanjwe kwanza. Mashamba ya huko yana homa ya ubongo inayoenezwa na mbu, na wengine wanaopona hawarudi kuwa kama walivyokuwa. Mimi ni afisa ugani hapa Kibaha, nimezoea matope na mbu wake. Sindano sikuiona kuwa kitu.

Daktari wa kliniki, kijana mpole, akaniuliza kama nimewahi kuugua dengue. Nikamwambia ndiyo. Mimi na dada yangu tuliugua pamoja tulipokuwa tumepanga Mbwawa, tukapona wote. Miaka michache baadaye dada akaipata tena. Hiyo ya pili ikamuua.

Daktari akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba virusi vya dengue na vya hiyo homa ya ubongo ni ndugu. Mwili ukishapigana na kimoja hubaki na kingamwili, yaani askari wa kukitambua. Kikija ndugu yake, pengine wale askari husaidia kidogo. Pengine hukishika bila kukiua, na kule kukishika ndiko kunakokirahisishia kuingia kwenye seli za mwili. Hilo linajulikana hasa kwa dengue ya pili, ikiwa ya aina tofauti na ya kwanza.

“Kwa hiyo askari wa dada ndio waliomuua?”

“Siwezi kusema hivyo, dada. Mimi sikumtibu.”

Nilitoka bila kuchanjwa. Jumamosi nikaenda kwa mama, Vihingo, nikamkuta anamenya mihogo uani. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujichanganya mwenyewe. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

“Tangu dada yako afariki najiuliza,” akasema. “Alishaugua, akapona. Surua ukiugua mara moja umemaliza. Hii mbona inarudi na nguvu zaidi? Na wewe sasa unataka wakutie ndugu yake?”

“Wanatia kirusi kilichouawa, mama. Hakiwezi kuniambukiza.”

“Lakini askari watakuja?”

“Watakuja.”

“Wa kukulinda au wa kuifungulia dengue mlango?”

Mama akasema basi nisichanjwe. Halafu akauliza, “Na ukienda bila kuchanjwa?” Nikamwambia nitakuwa shambani, kwenye mbu, kila siku. Akasema basi nisiende. Kisha akasema hapana, niende.

Jumatatu alikuja mwenyewe Kibaha, kavaa baibui lake la kutokea, tukaingia pamoja kwa daktari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Nimebakiwa na huyu tu. Niambie unalolijua, na usilolijua niambie pia.”

Daktari hakukasirika. Alisema anajua kwamba chanjo hii inakinga vizuri dhidi ya homa ya ubongo, na kwamba homa yenyewe haina dawa ya kuiponya. Kama itabadilisha chochote nikiumwa dengue tena, kwa wema au kwa ubaya, wataalamu wamechunguza na majibu yao hayajakubaliana. Dengue ya pili ningepaswa kuiogopa hata bila chanjo, na mbu wake huuma mchana.

“Huyu angekuwa dada yako wa tumbo moja, ungefanyaje?” mama akauliza.

“Ningemchanja.”

Mama akanigeukia. “Unasemaje?”

Nilikunja mkono wa blauzi kwa sababu wote wawili walikuwa wananingoja. Mama alinishika mkono mwingine, akawa anasoma dua kwa sauti ya chini mpaka sindano ikatoka. Jioni bega liliuma na mwili ukapata joto kidogo. Aligusa paji langu mara nyingi, kila mara akiniuliza kama najisikia vizuri. Dozi ya pili, wiki kadhaa baadaye, nilikwenda kuchanjwa peke yangu.

Nilisafiri, nikaumwa na mbu nisiojua idadi yao, nikarudi salama. Mama alinipokea kwa kunishika uso.

“Alhamdulillahi. Ile sindano imekulinda.”

“Labda, mama. Au labda sikukutana na virusi hivyo kabisa.”

“Na ule ugonjwa wa dada yako, ukija?”

Nikamwambia kweli sijui. Mama akatikisa kichwa, akaingia jikoni kunipakulia wali, na mimi nikabaki barazani, nikipangusa mguu pale mbu alipokuwa ametua mchana kweupe.