Mlango wa Bi Zuhura Kwenye Ramani

Jamani, aibu ninayo, na nawasimulia kwa sababu mmenibana tu, lakini kuna kichochoro hapa Amu (Lamu, mnavyoiita nyinyi) sikipiti mchana, nazunguka njia ya nyuma kama mwizi wa kuku, na karakana yangu imo kwenye kichochoro hichohicho.

Mimi ni fundi wa milango ya nakshi. Kazi yangu haina dosari (nisameheni, lakini ni kweli), tatizo lilikuwa wateja. Ikaja semina ya wafanyabiashara, mama mmoja wa Nairobi akatueleza kwamba mambo ni mepesi: weka picha nzuri mtandaoni, weka alama ya duka kwenye ramani, jibu ujumbe haraka, andika maneno ya ukarimu. Nilirudi nyumbani nikijiona tajiri.

Sasa karakana yangu ina kuta nene za mawe, mtandao hauingii, kwa hiyo nikavuka kichochoro, nikakaa kwenye baraza ya jirani yangu Bi Zuhura, ambako unashika vizuri, nikamalizia kila kitu palepale. Simu ikauliza kama duka langu liko hapo nilipo. Nikasema moyoni, hatua chache zina nini, nikabonyeza ndiyo. Ikataka picha. Mlango mzuri kuliko yote niliyowahi kuchonga ni wa Bi Zuhura mwenyewe, na ulikuwa mgongoni kwangu, nikaupiga picha, na sura yangu nikaitia pembeni. Kisha nikaandika: "Karibu sana, hodi si lazima, sukuma mlango uingie." (Nilijiona mshairi.)

Haukupita muda, akaniandikia Bi Wangari, meneja wa hoteli mpya kule kisiwa cha Manda. Alitaka milango ya vyumba vyote, na angekuja Alhamisi kuona kazi. Bila oda ile nilikuwa nafunga karakana, mke wangu alijua na mimi nilijua. Nikafagia maranda, nikavaa kanzu ya Idi, nikaenda mara moja kumchukulia mgeni kahawa. Narudi, nakuta ujumbe: "Nimefika. Mlango ni mzuri kuliko hata picha. Naingia."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hakuna mtu. Kisha nikasikia vigelegele nyumbani kwa Bi Zuhura, nikajua mgeni wangu kaingia wapi. Siku hiyo alikuwa anamuoza binti yake, ndani ni wanawake watupu, buibui zimevuliwa, na mwanamume hausogelei mlango ule hata kwa dawa. Nikapiga simu. Ikalia nyuma ya mlango, kwa maana kwenye sherehe hizo simu zote hutiwa kapuni pale mwanzo, asije mtu akapiga picha. Nikapiga tena na tena, mpaka mwenye kulinda kapu akapokea.

"Nani weye?" Alikuwa Bi Zuhura.

"Mimi Shee, jirani. Namtaka huyo mgeni aliye..."

"Shee! Yeo arusi ya mwanangu, nawe wataka wake za watu humu ndani? Huna haya?" Akakata.

Sijapumua, wakatokea Wazungu wawili, wanaume, simu mbele, wanaifuata ramani. Mmoja kashanyoosha mkono asukume (si nimemwambia hodi si lazima?). Nikaurukia mlango nikajibandika, mikono nimeitanua, napiga kelele kwamba hapa si dukani, naye ananionyesha simu: mlango ni huu, na sura yangu ile pale pembeni, inacheka. Wakati huohuo Bwana Famau, baba wa bibi harusi, akafika na wenzake, wametoka kusali Alasiri.

"Shee," akasema taratibu, na utaratibu huo ndio ulioniua, "wawaeta Wazungu kutazama wake zetu?"

Nikaanza kueleza kwamba sikuwaleta mimi, imewaleta ramani. Mzee mmoja akauliza ramani ya nini, kwani nimepotea mtaani kwetu?

Hapo mlango ukafunguka, akatoka Bi Wangari, hina mikononi, asumini kichwani, ananukia udi, kabeba sahani ya biriani iliyofunikwa. Nikamkimbilia. "Bi Wangari, ile milango..."

"Fundi," akasema huku akicheka, "sijawahi kukaribishwa dukani namna hii!"

Kumbe oda alikwisha kuitoa, kampa Bi Zuhura: biriani na hina kwa wageni wa hoteli, kila Ijumaa. Milango ataiagiza Mombasa, ile ya kawaida; wageni, akasema, hawali nakshi. Jioni akaniwekea maoni mtandaoni, nyota tano, akasifu chakula, akasifu akina mama. Neno mlango halimo. Niliingia ndani nikalia, sifichi.

Bwana Famau alinisamehe kwa sharti nimchongee kibao cha HAPA NI NYUMBA YA WATU. Nikakitia nakshi, mazoea, na sasa watalii wanapiga foleni kukipiga picha, wachache huagiza vyao, ndivyo karakana inavyopumua. Mimi na ramani basi, sigusi tena mpaka naingia kaburini. Mteja akinitaka, namwambia asimame jetini, pale boti zinapofunga, namfuata kwa miguu yangu.

Juzi Bi Zuhura alikuja karakana na simu mpya. "Shee wangu, hebu nitilia biashara yangu kwenye ramani."

Nikamjibu ipo tayari, tena kwa jina langu.